Nini huurudisha msuli baada ya kuvutwa? Jibu kwa mwalimu wa riadha wa Kapchorwa

Swali: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na jioni nawafundisha riadha vijana wa sekondari hapa Kapchorwa, Uganda. Kitabu kinasema nyuzi za aktini na miosini huteleza ndipo msuli ukajikunja. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: sasa ukiuvuta msuli uliolegea kisha ukauachia, mbona unarudi kama mpira wa manati, na wakati huo nyuzi hizo hazifanyi kazi? Nikakosa jibu. La pili, mkimbiaji wangu bora wa mita 5,000 akiinama hafiki hata kwenye vifundo vya miguu. Wenzangu wananishauri nimnyooshe kwa nguvu kila asubuhi mpaka alainike. Nifuate ushauri huo? La tatu, kuna watu Mbale wanauza unga wa protini wanaosema unaongeza unyumbufu wa misuli. Kuna ukweli?

Jibu: Mwalimu, nawe pole na vijana. Nianze na huyo mwanafunzi, kwa sababu ameona pengo lililokaa wazi katika maandishi ya wanasayansi wenyewe kwa zaidi ya miaka 20, na katika vitabu vingi vya shule halijazibwa hadi leo.

Mwaka 1954 vikundi viwili, kimoja cha Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, kingine cha Hugh Huxley na Jean Hanson, vilichapisha katika toleo moja la jarida la Nature maelezo yale unayoyafundisha darasani: kwamba nyuzi nyembamba za aktini hupita kando ya nyuzi nene za miosini, na msuli unafupika ingawa nyuzi zenyewe hazifupiki. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini yanaeleza safari ya kwenda tu. Msuli uliolegea ni ule ambao vichwa vya miosini vimeiachia aktini. Kama ndani yake kungekuwa na nyuzi hizo mbili peke yake, ungeweza kuuvuta bila kipingamizi chochote mpaka nyuzi zipishane na kuachana kabisa, na usingerudi. Mwaka huohuo, huko Japani, Reiji Natori aliichuna seli ya msuli utando wake wa nje, akaivuta, akaona bado inarudi. Basi kilichokuwa kikiirudisha hakikuwa utando, wala tishu unganishi zinazoizunguka seli. Kilikuwa humo ndani, katikati ya nyuzi.

Mjapani mwingine, Koscak Maruyama, ndiye aliyekitenga katika miaka ya 1970, akakiita konektini. Mwaka 1979 Kuan Wang na wenzake nchini Marekani wakaeleza protini hiyohiyo kwa jina la titini, na jina hilo ndilo linalotumika zaidi leo.

Ilichelewa kuonekana kwa sababu ya ukubwa wake. Maabara hutenganisha protini kwa kuzisukuma kwa umeme kupitia jeli yenye vitundu vidogo sana. Protini ndogo hukimbia mbele, kubwa hubaki nyuma, na kila moja huacha mstari wake. Titini haikuwa inabaki nyuma, haikuingia kabisa. Ilikaa juu ya jeli, nje ya mistari ambayo watafiti walikuwa wakiisoma. Tena hukatika upesi: vimeng'enya vya msuli wenyewe huikata vipandevipande mara tu tishu inapoharibika. Ilibidi watengeneze jeli laini mno ndipo ipite.

Mpe mwanafunzi wako hesabu hii aone. Insulini ina asidi amino 51. Aktini ina 375. Titini ya binadamu ina zaidi ya 34,000, na uzito wake unafika daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) milioni 3.7 hivi. Jeni lake liko kwenye kromosomu ya 2 na lina eksoni 363, yaani vipande 363 vya maelekezo vinavyoungwa ili kuitengeneza. Hakuna protini kubwa zaidi inayojulikana katika mwili wetu. Wala si adimu: baada ya miosini na aktini, ndiyo inayofuata kwa wingi ndani ya msuli, na mtu mzima anabeba karibu nusu kilo yake. Kitu cha nusu kilo mwilini kimekosekana katika somo tunalowapa watoto kuhusu misuli! Jambo hili linanikera, Mwalimu, na ndiyo sababu naandika kwa urefu.

Sasa iko wapi? Chora sakomea, yaani chumba kidogo kinachojirudia mfululizo ndani ya seli ya msuli, ubaoni kama unavyoichora siku zote. Kila upande kuna ukuta tunaouita diski Z, ambako nyuzi za aktini zimechomekwa. Katikati kuna mstari M, unaoshikilia nyuzi za miosini kiunoni. Msuli ukiwa umetulia, kutoka ukuta hadi ukuta ni mikrometa 2.5 hivi, maana yake katika sentimita moja ya seli ya msuli zimejipanga sakomea kama 4,000. Halafu chukua chaki ya rangi nyingine, uchore mstari unaoanzia ndani ya diski Z, unaopita sehemu iliyo tupu kati ya ukuta na ncha ya miosini, kisha unaolala juu ya uzi wa miosini mpaka kwenye mstari M. Mstari huo wote, wenye urefu unaozidi mikrometa moja, ni molekuli moja ya titini. Kichwa chake kimefungwa ukutani, mkia wake uko katikati ya chumba. Nimefundisha jambo hili kwa miaka mingi na bado kila mara linanifanya nisimame kidogo: molekuli moja isiyokatika, inayovuka nusu nzima ya sakomea.

Kwa kukaa hivyo inafanya kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Sehemu inayolala juu ya miosini hainyumbuki. Imeundwa kwa vifundo vidogo vya protini vilivyopangwa kwa mpangilio unaojirudia mara 11, na kila mrudio una urefu wa nanometa 43, sawa kabisa na hatua ya kujirudia ya miosini kwenye uzi mnene. Ulinganifu huo uliwafanya watafiti washuku kwamba titini ndiyo inayoamua uzi mnene uwe na urefu gani. Mwaka 2017 walionyesha hivyo kwa panya: walipofuta baadhi ya mirudio hiyo katika jeni, nyuzi za miosini zikawa fupi, na mioyo ya panya hao ikatanuka na kudhoofika. Kwa hiyo titini inashiriki katika kuujenga msuli kabla hata ya kuufanya uwe nyumbufu.

Sehemu ya pili, ile iliyo kati ya ukuta na ncha ya miosini, ndiyo anayoitafuta mwanafunzi wako. Hii inavutika na kurudi.

Mwaka 1986 Robert Horowits, Richard Podolsky na wenzao waliuthibitisha umuhimu wake kwa jaribio ninalolipenda sana. Walipiga nyuzi za misuli ya sungura kwa mionzi. Mionzi hupiga ovyo, na kitu kikubwa ndicho kinachopigwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo kiasi kidogo kiliharibu titini na nebulini, protini kubwa ya pili nitakayoitaja, huku aktini na miosini zikiachwa karibu salama. Matokeo yake, msuli uliolegea ulipovutwa haukuwa na upinzani kama wa awali. Na hata ulipoamshwa ujikunje, nguvu yake ilipungua, na nyuzi nene zikaonekana zimehama kutoka mahali pake. Fikiria kwa nini. Uzi wa miosini unavutwa na aktini za upande wa kushoto na za upande wa kulia kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukizidi hata kidogo, uzi unaelekea huko, unapata aktini nyingi zaidi za kushika, unazidi kuvutwa. Titini za pande zote mbili ndizo zinazourudisha katikati. Bila hizo, mikunjo michache tu ingetosha kuvuruga chumba kizima.

Turudi kwenye mpira wa manati, maana mfano wa kijana ni mzuri kuliko anavyojua. Mpira umeundwa kwa molekuli ndefu zilizojikunjakunja ovyo. Ukiuvuta, unazilazimisha zinyooke na kujipanga. Joto huzitikisa bila kukoma, na mtikisiko huo huzirudisha kwenye mikunjo yake, kwa sababu kuna njia nyingi za kujikunja na chache sana za kunyooka. Titini inafuata kanuni hiyohiyo. Ina eneo linaloitwa PEVK, lililopewa jina kwa herufi za asidi amino nne zilizojaa humo: prolini, glutamati, valini na lisini. Eneo hili halijikunji kuwa umbo maalumu. Linatikisika tu, na ukilivuta linapinga na kutaka kurudi.

Mfano unakomea hapo, kwa sababu titini haina eneo moja tu la kuvutika. Kandokando ya PEVK kuna minyororo ya vifundo, kila kimoja chenye asidi amino zipatazo 100 zilizokunjwa vizuri. Msuli unapoanza kuvutwa, minyororo hii inanyooka kwanza bila vifundo kufumuka, na upinzani ni mdogo sana. Ndiyo maana unaweza kuunyoosha mkono uliolegea bila kuhisi kitu. Ukiendelea, zamu ya PEVK inafika, na upinzani unapanda haraka. Na kama mvuto ukizidi sana, kifundo kimoja kinaweza kufumuka na kuongeza takriban nanometa 28 kwa mpigo. Mwaka 1997 watafiti walishika molekuli moja moja za titini, wengine kwa sindano ya darubini ya nguvu za atomu, wengine kwa mwanga wa leza, wakaona vifundo vinafumuka na kujikunja tena kuwa kama vilivyokuwa. Katika jaribio la sindano ilihitajika nguvu ya pikonyutoni 150 hadi 300 kwa kila kifundo. Jinsi jambo hilo linavyotokea mara kwa mara ndani ya msuli wa mtu anayeishi, watafiti bado wanajadiliana, lakini uwezo upo.

Kuna zaidi, na hapa ndipo suala la kijana wako linapoanza kugusiwa. Mwili hautengenezi titini ya aina moja. Seli husoma jeni lilelile, kisha hukata na kuunga maelekezo yake kwa namna tofauti, na sehemu inayobadilika zaidi ni hiyo inayovutika. Mwaka 1995 Siegfried Labeit na Bernhard Kolmerer waliposoma mfuatano mzima wa titini ya moyo wa binadamu, walikuta PEVK ya aina ya titini ya moyo ina asidi amino 163 tu, ilhali ile ya msuli wa soleusi, ulio ndani ya shavu la mguu, ina 2,174. Moyo unahitaji kamba fupi, ngumu, inayozuia chumba cha moyo kisijazwe damu kupita kiasi na inayorudi haraka. Msuli wa mguu unahitaji nafasi ya kuvutika. Hivyo ugumu na ulaini wa msuli ni kitu kinachopangwa, na kila mahali kinapangwa kulingana na kazi ya mahali hapo. Ugumu peke yake si kasoro.

Nebulini nitaipitia haraka. Inalala juu ya uzi wa aktini kwa karibu urefu wake wote, na vipande vyake vya asidi amino 35 hivi hujibana kila kimoja na aktini moja. Inasaidia kuamua urefu wa uzi mwembamba na kuuimarisha. Panya wasio na nebulini hufa katika wiki za mwanzo za maisha, na watu waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni lake hupata ugonjwa wa udhaifu wa misuli uitwao nemalini. Ya tatu ni obskurini, inayofunga nyuzi hizi na mfumo wa vifuko vya kalisiamu ndani ya seli. Inatosha.

Sasa kijana wako. Usimnyooshe kwa nguvu.

Sababu ya kwanza: kutofikia vidole vya miguu hakumaanishi titini yake ni fupi. Anapoinama, kinachomzuia ni misuli ya nyuma ya paja, viungo vya nyonga, tishu unganishi, na zaidi ya yote mfumo wake wa neva, unaotoa onyo la maumivu mapema. Watu wakinyooshwa kwa wiki chache na kufika mbali zaidi, vipimo vimeonyesha mara nyingi kwamba msuli wenyewe haukurefuka. Kilichobadilika ni kiasi cha mvuto wanachovumilia. Ukimlazimisha kwa kumkalia mgongoni, kama nilivyowahi kuona makocha wakifanya, unalipiga vita onyo hilo, na siku moja litakuwa la kweli.

Sababu ya pili: huenda huo ugumu unamsaidia. Tafiti kadhaa za wakimbiaji wa masafa marefu zimekuta kwamba wale wasionyumbulika sana nyongani na miguuni mara nyingi hutumia oksijeni kidogo zaidi kwa mwendo uleule. Lakini hapa nakuomba uwe mwangalifu unapowaeleza wanafunzi, maana nimeshasoma watu wakiisifu titini kwa kazi isiyo yake. Mdundo wa mkimbiaji hutoka hasa kwenye kano, na kano imeundwa hasa kwa protini nyingine, kolajeni. Mwaka 1987 McNeill Alexander na wenzake walikadiria kwamba mtu wa kilo 70 akikimbia mita 4.5 kwa sekunde, kati ya jouli 100 hivi za nishati zinazobadilishana kila mguu unapokanyaga, 35 huhifadhiwa kwenye kano kubwa ya kisigino na 17 kwenye upinde wa unyayo, na sehemu kubwa hurudishwa. Joshua Cheptegei, wa kwenu huko, alipokimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 kule Valencia tarehe 7 Oktoba 2020, mwendo wake wa wastani ulizidi mita 6.3 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kano legevu ni hasara. Ili kano ivutike na kurudi, msuli ulioishikilia lazima ukaze bila kuachia, na ndani ya msuli huo titini ndiyo inayozuia sakomea zisivurugike. Hiyo ndiyo sehemu yake katika mdundo.

Jambo moja la kuvutia hapa: titini haibaki na ugumu uleule wakati wote. Tangu mwaka 1952 Abbott na Aubert walionyesha kwamba msuli unaokaza huku unavutwa hutoa nguvu kubwa kuliko msuli wa urefu huohuo unaokaza bila kuvutwa, na nguvu hiyo ya ziada hubaki. Aktini na miosini peke yake hazielezi hilo vizuri. Watafiti wengi leo wanaamini kwamba kalisiamu inapofurika kuamsha msuli, titini nayo inakuwa ngumu zaidi, ama kwa kalisiamu kujishika kwenye PEVK, ama kwa titini kuing'ang'ania aktini na kubaki na sehemu fupi ya kuvutika. Namna hasa inavyofanyika ingali inajadiliwa.

Na hali hiyo ya kukaza huku ukivutwa ndiyo maisha ya vijana wako kila siku, kwa sababu mnaishi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mtu anapokimbia kuteremka, misuli ya mbele ya paja inakaza ili kumzuia, na wakati huohuo goti linakunja na kuivuta. Hapo ndipo sakomea dhaifu huvutwa kupita kiasi, na kesho yake, au kesho kutwa, kijana anashindwa kushuka ngazi. Lakini msuli hujifunza. Mteremko mmoja wa wastani humkinga kwa wiki kadhaa dhidi ya maumivu ya namna hiyo. Mwaka 1994 Lynn na Morgan waliwafunza panya kukimbia, wengine kuteremka, wengine kupanda, na wale wa kuteremka wakaonekana na sakomea nyingi zaidi zilizounganishwa mfululizo katika msuli wa paja. Huko ndiko kurefuka kwa kweli: seli inaongeza vyumba mwisho wa mstari. Kazi ndiyo iliyoileta. Kinyume chake kinajulikana pia: paka aliyefungwa plasta huku msuli wa soleusi ukiwa umefupishwa alipoteza takriban asilimia 40 ya sakomea zake za mfululizo, na plasta ilipotolewa zikarudi katika wiki chache. Kama una mwanafunzi aliyefungwa plasta baada ya ajali ya boda boda, kumbuka hilo kabla ya kumrudisha uwanjani. Mpe muda wa kujenga upya.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu. Kabla ya mazoezi ya kasi, apashe mwili joto kwa kukimbia polepole, kurusha miguu, kupandisha magoti. Kunyoosha kwa kutulia mahali pamoja kwa zaidi ya sekunde 60 kwa msuli kabla tu ya mbio hupunguza nguvu kidogo. Chini ya hapo athari yake ni ndogo sana. Kama anapenda kunyoosha, afanye jioni, kwa upole, aishie pale anapohisi mvuto bila maumivu. Miteremko umpe kwa kipimo: mfupi na wa wastani mara moja kwa wiki, kisha uongeze. Ni mguu mmoja kuwa mgumu zaidi ya mwingine ndiko kutakakonifanya niwe na wasiwasi, au kijana aliyekuwa laini akawa mgumu ghafla. Hapo mpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuhusu unga wa Mbale: hakuna unga unaoongeza unyumbufu. Titini, au protini nyingine yoyote, ikifika tumboni na utumboni hukatwakatwa mpaka asidi amino moja moja. Mwili unazichukua hizo na kujenga protini zake kwa kufuata jeni zake, na msuli hautajua kama lisini iliyofika ilitoka kwenye kopo, kwenye maharage au kwenye dagaa wa mukene. Kila anayekula nyama anakula titini tayari. (Wanafunzi wako wataipenda hii: ng'ombe akichinjwa alfajiri na nyama kupikwa mchana, huwa ngumu kwa sababu ATP, nishati ya seli, imekwisha na miosini imeganda juu ya aktini. Ikitundikwa kwenye ubaridi kwa siku kadhaa, vimeng'enya viitwavyo kalpaini hukata titini, nebulini na protini nyingine za kushikilia, ndipo ikalainika. Ugumu ule wa kwanza na ulaini ule wa baadaye vinasababishwa na protini tofauti.) Mkimbiaji anayekua anahitaji protini ya gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na maharage, maziwa, mayai, njugu na samaki vinatosha kabisa. Unga usiojulikana unakotoka una hatari nyingine: baadhi ya bidhaa za namna hiyo huchanganywa na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na kipimo kikizigundua mwilini mwa kijana, utetezi wa kwamba hakujua hautamwokoa kirahisi.

Nimalize na jambo ambalo hukuliuliza, lakini siwezi kuandika juu ya titini nikaliacha. Protini hii iko pia moyoni, na hitilafu katika jeni lake ndiyo sababu ya kurithi inayopatikana zaidi katika ugonjwa wa moyo kutanuka na kulegea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta titini iliyokatizwa njiani katika takriban robo ya wagonjwa ambao ugonjwa huo umo katika familia zao. Mwaka 2016 utafiti mwingine uliwapima wanawake 172 waliopata udhaifu wa moyo mwishoni mwa ujauzito au baada ya kujifungua. Asilimia 15 walikuwa na hitilafu za kukatiza katika jeni za misuli ya moyo, na nyingi kati ya hizo zilikuwa kwenye titini. Ugonjwa huo wa akina mama huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Wapo pia watu wengi wanaobeba hitilafu hiyo wakaishi bila dalili. Mara nyingi moyo hushindwa pale mzigo mwingine unapoongezeka, kama ujauzito au ulevi wa muda mrefu.

Uwaambie wanafunzi wako, wavulana kwa wasichana, ili wayafikishe nyumbani: mama aliye katika mwezi wa mwisho wa ujauzito, au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, akishindwa kupumua akilala chali, akaamka usiku akitafuta hewa, au miguu ikazidi kuvimba, asiambiwe kwamba ni uchovu wa uzazi tu. Aende hospitali apigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na ikibidi apewe rufaa hadi Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Na uwanjani kwako, mkimbiaji akizimia katikati ya mbio, si baada ya kumaliza, au akisema kifua kinambana anapoongeza kasi, au ukisikia kwamba ndugu yake alifariki ghafla akiwa kijana, msimamishe mazoezi siku hiyohiyo, na asikimbie tena mpaka daktari wa moyo amwone.